Nyapara Aliyeng'oa Vigingi

Nianze na mguu wake wa kushoto, kwa kuwa ndio niliokuwa nikiuona kwanza. Kila asubuhi, nikiwa bado nimekaa barazani na chai yangu, mguu ule ulitokea kwenye kona ya barabara bila kiatu, ukakanyaga mara mbili mahali pamoja kabla ya kusonga mbele, kama mtu anayebisha hodi. Mguu wa kulia ulikuwa na buti jeusi, zito, limefungwa kamba mpaka juu. Nilimwuliza siku moja kwa nini havai yote mawili.

"Huu wa kulia ni wa serikali," alisema. "Wa kushoto ni wangu. Nikiufunika nitajuaje barabara inasema nini?"

Alidai kwamba barabara yenye maji chini yake unaisikia kwenye unyayo, hulegea kama kiazi kilichooza. Nilijaribu mwenyewe uani kwangu, nikiwa nimehakikisha hakuna anayeniona. Nilichokisikia kwenye unyayo ni mwiba.

Sote tulimwita Nyapara. Mkewe alimwita Nyapara, na hata imamu wa msikiti wetu mdogo alimwita hivyohivyo mbele ya watu. Alikuwa msimamizi wa kikosi cha vibarua walioitunza barabara inayotoka Morogoro mjini kuelekea Kisaki, ile inayopita chini ya mlima. Kipande chake kilianza karibu na shamba la mkonge na kuishia mtoni. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani sikuwahi kumwuliza, na nadhani angenijibu kwamba hayo hayatengenezi barabara.

Mimi nilikuwa karani wa shamba hilo la mkonge. Nimesoma mpaka darasa la kumi, na enzi hizo mtu wa darasa la kumi alitazamiwa kufika mbali. Wenzangu walifika mbali kweli: mmoja Dodoma, mmoja Tanga, wengine Dar es Salaam. Mimi nilichagua kazi ile kwa sababu moja tu. Kutoka mezani kwangu hadi mlangoni kwangu ulikuwa mwendo wa sigara moja, na mchana nilikula wali wa nyumbani ukiwa moto. Mlima niliuona kila siku na sikuwahi kuupanda. Niliona unapendeza vya kutosha kutokea barazani.

Nyapara aliijua aibu yangu hiyo na hakuiacha ipumzike.

"Shikamoo, Mzee Nyapara."

"Marahaba, Karani. Leo umesafiri?"

"Nimetoka ofisini."

"Umefika salama? Pole na safari."

Maneno yake yalikuwa hivyo, mafupi na yenye ncha. Akina mama walioshuka kutoka Kinole na vijiji vya juu hawakusalimika pia. Aliwapigia kelele kana kwamba ni vibarua wake. "Nyie! Mnatembea kama mnaosindikiza maiti! Basi litawaacha!" Nao walimjibu. Mama wa Kiluguru mwenye tenga la machenza kichwani hanyamazii mtu. "Lituache, tutapanda mgongo wako, Nyapara!" Angecheka mtu mwingine. Yeye alikunja uso na kwenda kuwafyekea nyasi za njiani ili wapite.

Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakupanda basi hata siku moja. Alipotakiwa mjini alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kwetu sisi alisema kwamba mtu aliye ndani ya gari haioni barabara. Mkewe, mwanamke mnene mpole aliyetoka huko juu Kinole, alinipa sababu nyingine siku aliyokuja kuomba chumvi. "Anatapika huyo," alisema. "Hata akipanda toroli la mchanga." Kwa hiyo mtu aliyegombania basi kuliko mtu yeyote niliyemjua alikuwa hawezi kulipanda. Niliitunza siri hiyo miaka mingi. Sasa naona haimdhuru.

Lakini siwezi kumweleza Nyapara bila kueleza kwanza uchaga.

Mwanamke anayeshuka mlimani na tenga la kabichi au mkungu wa ndizi hautui mzigo chini. Akiutua, nani atamtwisha tena, naye yuko peke yake njiani? Kwa hiyo kwenye njia zote za miguu za mlima ule, kila baada ya mwendo wa kuchosha, watu wa mahali hapo husimamisha uchaga: nguzo nne na fito juu yake, kimo cha kifua cha mwanamke. Anafika, anainama kidogo, anausukuma mzigo kutoka kichwani hadi kwenye fito. Anapumzika, anakunywa maji, kisha anaingiza kichwa chini ya mzigo na kuondoka nao bila kumwomba mtu. Uchaga wa mwisho wa kila njia ulikuwa pale njia inapokutana na barabara, na hapo ndipo basi lilisimama. Hapakuwa na kibao. Barabara yenyewe, ya zamani, ilijipinda kufuata midomo ya njia hizo, kwa kuwa ilianza kama njia ya miguu kabla haijapanuka.

Palikuwa na njia sita kwenye kipande cha Nyapara. Alizitaja kama mtu anavyotaja watoto wake, pamoja na kasoro zao. Ya kwanza yenye utelezi, ya pili ya watu wa misheni, ya tatu yenye siafu, na kadhalika.

Miaka kadhaa baada ya vita kuu ya pili, likaja agizo la kuinyoosha barabara. Alikuja Injinia mgeni, Mzungu mwenye masikio mekundu, si mtu mbaya. Aliwapa vibarua maji kabla ya kunywa mwenyewe. Ila alipenda mstari ulionyooka kama wengine wanavyopenda pombe. Mpango wake ulikuwa barabara ya juu ya tuta, na mitaro miwili mirefu kwenda chini, mmoja kila upande. Magari ya mkonge yangekimbia bila kikwazo. Na basi? Basi lingesimama kwenye mawe ya maili, kwenye kigingi cheupe, si pengine. Dereva atakayesimama njiani angeshtakiwa.

Ilikuwa wazi na safi kwenye karatasi. Ardhini, jiwe la maili la kwanza lilikuwa katikati ya mkonge, na la pili kwenye bwawa la vyura. Hapakuwa na njia hata moja iliyoshukia kwenye jiwe la maili, kwa sababu aliyeyapanga mawe yale alihesabu kutoka posta ya mjini, na watu wa mlimani hawakuwahi kushuka kutoka posta.

Tena, zile chaga sita za mwisho zilikuwa ndani ya eneo la barabara. Zikakatwa zote kwa siku moja. Kilichoamriwa kuzikata ni kikosi cha Nyapara. Alizikata. Sitamsafisha kwa hilo, na yeye mwenyewe hakujisafisha. "Nilidhani wataweka kitu badala yake," aliniambia. "Nilidhani mtu hawezi kukunja jamvi kabla hajaleta kiti."

Hawakuleta kitu. Siku ya gulio iliyofuata nilikiona kilichotokea, maana mdomo wa njia ya pili ulitazamana na baraza yangu. Akina mama saba walitoka kwenye miti wakakuta mtaro mpya mbele yao, wa kina cha kiuno. Ng'ambo yake lilikuwa tuta, na juu ya tuta barabara. Walisimama palepale na mizigo kichwani, kwa kuwa hapakuwa na pa kuitua. Basi lilikuja. Dereva aliwaona, akapunguza mwendo, akakumbuka mashtaka, akaongeza mwendo. Bibi mmoja wa makamo akajaribu kuvuka mtaro. Tenga lilitangulia, yeye akafuata. Machenza yalitapakaa barabarani hadi mlangoni kwangu, na yeye akabaki ameshika kifundo cha mkono ambacho hakikunyooka tena sawasawa maisha yake yote.

Watu wa mlimani siku zile walikuwa tayari wamechoshwa na amri za kulima matuta kwenye mashamba yao. Sasa tuta lilikuwa limewafuata hadi barabarani.

Nyapara alikuja kwangu jioni ileile, jua halijazama, akakaa kwenye kiti changu kizuri bila kukaribishwa.

"Karani, wewe umesoma. Chukua kalamu. Mwambie Injinia hivi: vigingi vyake amevipigilia mahali pa nyani. Mwambie ninakataa kuchimba mtaro mmoja zaidi mpaka kila njia ipate mahali pa basi kuingia pembeni, na uchaga wake. Mwambie karatasi yake haina mteremko."

Niliandika. Au tuseme, kalamu yangu iliandika, na kalamu hiyo ilikuwa imefunzwa ofisini. Iliweka *kwa heshima na taadhima*. Iliweka *tunapokea kwa shukrani nyingi mpango wa vituo*. Iliweka *endapo Bwana ataona inafaa, tungefurahi kama siku za mbele jambo la njia za miguu lingefikiriwa*. Nikaona nimemsaidia mzee asifukuzwe kazi. Nilijipongeza hata kwa mwandiko.

Injinia aliisoma barua, akafurahi. Alimpa Nyapara mkono mbele ya vibarua, akamshukuru kwa kuukubali mpango, na kesho yake akaleta saruji ya kuvisimika vigingi vyake viwe vya kudumu.

Nyapara alirudi kwangu akaniamuru nimsomee nakala. Nilisoma polepole, nikitumaini maneno yatabadilika njiani. Nilipomaliza akasimama.

"Nilikupa nyoka umpelekee," alisema. "Wewe umempelekea utepe."

 

Basi akaacha barua, akashika sururu. Aling'oa vigingi vile kabla saruji haijakauka, akavipigilia kwenye midomo ya njia. Injinia akavirudisha. Nyapara akaving'oa. Mara ya tatu Injinia alisimamisha gari mbele ya kikosi kizima.

"Hii vigingi nani natoa?"

"Mimi, Bwana."

"Kwa nini?"

"Vilikuwa vimepotea, Bwana. Nimevirudisha kwao."

Kikosi kilitazama chini, mabega yakitikisika. Injinia alikuwa mwekundu kuanzia masikioni hadi shingoni. Alimwambia mara nyingine moja tu, kazi kwisha.

Kuna watu wakiambiwa hivyo hurudi nyuma. Nyapara alikwenda kukusanya mapipa. Yalikuwa mapipa ya lami matupu, yaliyotupwa na watu wa barabara kuu ya kuelekea Kingolwira. Aliyatoa vitako kwa patasi, pipa moja baada ya jingine, uani kwake, kelele ikisikika hadi ofisini kwangu. Jumapili, ambapo hakuna kazi, akayapanga kwenye mtaro wa njia ya pili, moja likilishika jingine, maji yapate kupita ndani yake. Kisha akangoja.

Watu wa misheni walitoka kanisani. Akina mama walishuka na mawe kichwani badala ya kabichi. Vibarua wake, wengi wao watu wa msikitini, walikuja na sepetu za kwao, si za serikali. Kwa hilo alikuwa mkali sana. "Asipate pa kutushikia!" Walijaza mawe juu ya mapipa, wakamwaga changarawe, wakashindilia. Adhuhuri pakawa na pembe tambarare kando ya barabara, urefu wa basi na nusu. Ukingoni wakasimamisha uchaga mpya, na yule bibi aliyevunjika mkono akaupima kwa kifua chake, akasema ushushwe kidogo. Ukashushwa.

Mnaniuliza mimi nilifanya nini? Nilishika ncha moja ya kamba ya kupimia. Nilikunywa uji wa watu. Nilisimamia kivuli kisihame.

Jumatatu Injinia alifika asubuhi, na basi la kwenda mjini lilikuwa bado. Alishuka, akaitazama kazi ile pande zote. Akaamuru ifukuliwe.

Vibarua waliegemea sepetu zao.

"Chimba!" akasema.

"Hawana kosa," Nyapara akasema. "Mimi ndiye ninayewaamrisha, na mimi siamrishi."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kikombe mkononi, nikijifanya napita ingawa nilikuwa kwangu. Injinia akaniona. Pengine alinikumbuka kwa ule mwandiko mzuri.

"Karani. Hii mzee naandika barua. Nasema asante, nakubali. Sasa nini?"

Ningeweza kuingia ndani. Mlango ulikuwa hatua mbili nyuma yangu, na ndani kulikuwa na chapati.

"Bwana, hakusema asante," nikasema. "Hakukubali. Alikataa, mimi nikaandika amekubali. Kosa ni langu."

Nyapara hakunitazama. Ila nilimwona akihamisha uzito kutoka mguu wa serikali kwenda mguu wake.

Hapo basi likatokea, na nyuma yake lori la mkonge la shamba letu, limejaa. Dereva wa basi aliona gari la Injinia akaingiwa na hofu. Unaweza kuiona hofu ya dereva kwenye magurudumu. Lakini akina mama walikuwa wamejipanga kwenye uchaga, mizigo imetua, na yule bibi akainua mkono wake uliofungwa kitambaa, akauacha juu. Dereva akakata kona, akaingia pembeni. Lori la mkonge likapita moja kwa moja bila hata kugusa breki. Siku zote lilikuwa likisimama nyuma ya basi, likipiga honi, na mkonge wetu ukichelewa kufika stesheni.

Injinia alilifuata lori kwa macho mpaka likapotea. Kisha akaipima ile pembe kwa hatua zake, urefu na upana. Akachungulia ndani ya mapipa. Akatoa daftari, akaandika. Hakusema neno zuri hata moja, na hakuamuru tena ifukuliwe. Alipofunga daftari alimwambia Nyapara, "Wewe kazi kwisha."

Nyapara aliinama, akafungua kamba za buti lake, bila haraka, tundu baada ya tundu. Akaliweka juu ya boneti ya gari la Injinia. "Hili la serikali," akasema. Akaondoka kwa miguu miwili yake.

Pembe ile ikaingizwa kwenye ramani mpya. Niliiona, imechorwa kwa wino, ikielezwa kuwa ni wazo la ofisi. Njia tano nyingine hazikupata kitu.

Miaka ilipita. Nyapara alihamia juu, kwa watu wa mkewe. Tukapata habari zake kupitia matenga: anaumwa goti, amegombana na mwenyekiti wa soko. Halafu, kuelekea mwisho wa miaka ya hamsini, ofisi ya barabara ilipata bwana mpya, kijana msomi, aliyekuta habari za pembe ile kwenye faili akataka mzee huyo aletwe mjini apongezwe mbele ya watu. Wakauliza nani anamjua. Nikatajwa mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoupanda mlima wa Uluguru kwa mara ya kwanza, nikiwa na tumbo la karani na viatu vya ofisini. Sitaeleza safari hiyo. Watoto wadogo walinipita wakibeba kuni, wakarudi, wakanipita tena.

Nilimkuta njiani, chini kidogo ya nyumba yake, akifunga fito za uchaga mpya. Amekonda. Mikono bado ile.

"Shikamoo, Mzee Nyapara."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja na habari njema." Nikampa ujumbe wote: bwana mpya, pongezi, watu kukusanyika. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akakaza fundo.

"Na zile tano?"

"Zipi?"

"Njia ya kwanza. Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Basi linaingia pembeni?"

"Bado."

"Basi ananipongeza kwa nini? Mwambie sina nafasi."

Nilianza kumbembeleza. Nilimwambia akija atapata kusema nao uso kwa uso. Akaniambia uso wake walishauona. Tukiwa katika hilo akashuka mama mmoja kijana na tenga la pilipili manga na ndizi. Nyapara akamfokea palepale kwamba amechelewa. Mama akausukuma mzigo kwenye uchaga ambao haujamalizika, nao ukastahimili.

"Unashukia njia ipi?" Nyapara akamwuliza.

"Ya tatu, baba."

"Basi linasimama?"

"Linasimama."

"Nani kawapa kituo?"

"Hakuna. Tunasimama katikati ya barabara, wote, mpaka lisimame. Nyuma yake yanasimama malori, na gari la bwana shamba, na la padri. Wapige honi mpaka wachoke."

Nyapara aliacha fito. "Nani kawafundisha hivyo?"

"Afundishe nani?" Mama alimshangaa. "Tumechoka tu."

Ndipo nilipomwona anacheka. Miaka yote ile sikuwahi kumwona. Hakuwa na meno mengi na hakujali. Alimsaidia yule mama kuweka tenga sawa, ingawa hakuhitaji kusaidiwa, kisha akanigeukia.

"Karani, wewe si unashuka?"

"Nashuka."

"Shuka naye. Mkifika, simama naye."

Nilishuka nyuma ya mama yule, nikiteleza alipotembea. Njia ya tatu kweli ina siafu. Barabarani tulikuta wengine kumi wanangoja, na basi liliposikika mtoni walipanda tuta wakajipanga kutoka mtaro hadi mtaro. Wakaniachia nafasi katikati. Dereva alipiga honi ndefu. Hakuna aliyesogea. Nyumbani wali wangu ulikuwa unapoa, nikauacha upoe.